Motokaa Yangu Kuukuu na Swali la Baba

Mhariri ameniomba mimi, niliyepata kuwa mwanafunzi wa shule hii, niandike habari za huku Kent, Uingereza. Kazi yangu ya kutwa ni kutengeneza mabasi, nayo haina mengi ya kupendeza msomaji. Afadhali nisimulie habari ya motokaa yangu, aina ya MGB, ya mwaka 1972.

Motokaa hizi za watu wawili zilitengenezwa Abingdon tangu mwaka 1962 hata 1980. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1798, ina kabureta mbili. Niliinunua imekula kutu, nia yangu ikiwa kuiendesha katika uwanja wa mbio wa Brands Hatch. Zipo siku ambazo mtu hulipa ada akaingia uwanjani na motokaa yake mwenyewe. Si mashindano: hakuna mshindi wala kikombe, na humpiti mwenzako mpaka akupishe.

Basi, majira yote ya baridi kila Jumamosi nilikuwa chini ya motokaa ile. Nilitoa gurudumu la akiba na mazulia ili kupunguza uzito. Nilitia springi ngumu, nikabadili shokabzoba zake za kizamani. Nyuma ya viti nilikaza upinde wa bomba nene la chuma, ili motokaa ikipinduka isisimame juu ya kichwa changu. Lakini fedha nyingi ziliishia kwenye injini, maana nilichotamani ni nguvu, na mngurumo wake ulinipendeza mno. Majirani hawakusema hivyo.

Mwezi wa Juni baba yangu akaja kunitembelea. Yeye alikuwa dereva wa lori miaka mingi, akiteremsha kabichi kutoka Lushoto hadi Mombo, na anayeijua barabara ile anajua ilivyo. Nilimpeleka kuitazama motokaa, nikamfunulia injini. Hakuitazama sana. Aliinama penye magurudumu, akaniuliza, "Mwanangu, inasimamaje?"

"Baba, mbele ina breki za diski, na pedi ni mpya."

"Na mafuta ya breki?"

"Yamejaa, baba." Alinyamaza, nami moyoni nikamcheka, nikidhani mzee anawaza malori ya zamani.

Wasomaji mnaosoma fizikia mtanielewa upesi. Breki haimalizi mwendo. Huugeuza kuwa joto. Ukienda mara mbili zaidi, joto la kusimama ni mara nne. Katika barabara breki hupata nafasi ya kupoa, lakini uwanjani kona hufuatana. Nayo mafuta ya breki yana tabia ya kunywa maji yaliyomo hewani, mwaka baada ya mwaka, hata kopo likiwa limefungwa. Yale yaitwayo DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 230 za sentigredi. Yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo unakanyaga hewa. Hayo yote niliyajua, kwa kuwa ni kazi yangu. Na mafuta yaliyokuwamo yalikuwa ya mwenye motokaa wa kwanza kabla yangu.

Katika mzunguko wa saba niliipita kona ya Paddock Hill, inayoporomoka kama ukingo wa shimo, nikapanda kuelekea kona kali ya Druids. Nikakanyaga breki, na pedali ikazama hadi sakafuni. Nikaipigapiga, nikateremsha gia, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo. Mlima ulinisaidia, lakini kona haikuwezekana. Nilikwenda moja kwa moja katika kokoto, nikasimama hatua chache mbele ya ukuta wa matairi.

Nilipokokotwa kurudishwa, baba alikuwa amesimama kando ya wigo, kofia yake mkononi. Nilimwambia kwamba niliteleza. Tulirudi nyumbani bila maneno, na chakula cha jioni hakikunipita kooni. Nikamwambia kweli: sikuyabadili mafuta, na nilipomjibu yamejaa nilijua alichokuwa akiuliza.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Kule Soni hakuna kokoto, mwanangu. Kuna bonde." Akaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta kisha amka, amekunja mikono ya shati, ameketi katika kiti cha dereva. Nikaingia chini na spana na chupa. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai ya rangi, yana mapovu. Tulianza na gurudumu la nyuma, lililo mbali kabisa na kopo.

"Kanyaga, baba."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo."

"Nimeshikilia. Funga kwanza, ndipo uniambie niachie."