Mbukwenyi

Najua nimepotea. Chuo kimebana, kila mwalimu kakumbuka wiki hii kwamba hajatoa jaribio, na Jumamosi zangu zote zinaliwa na kibarua. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi ya juzijuzi, nimeona bora niliandike litoke.

Kwa wasiojua, kibarua changu kiko Ng'ong'ona, kwenye stesheneri. Nataipu kazi za watu, natoa kopi, nabana ripoti. Nalipwa kwa ukurasa. Siyo mshiko wa kutisha, ila bumu likikata, ukurasa ndio unanilisha. Na kazi yenyewe ina vituko vyake. Mwaka wa tatu analeta ripoti saa nne na nusu, anaitaka saa tano. Mwaka wa kwanza anabishania bei ya kopi mbili kama vile ananunua ng'ombe mnadani Msalato. Halafu bosi wangu naye ni mtu wa muziki: asubuhi singeli ili tusisinzie, mchana Bongo Fleva, jioni kwaya. Nimefanya utafiti wangu mdogo jamani: saa za singeli nataipu haraka sana, na saa hizo hizo ndipo ninapokosea sana. Kuna mtu ripoti yake ya "ufundishaji" ilitoka "ufundishajiji" kila ukurasa. Nilirudia zote bure.

Basi Jumamosi hiyo saa saba nikaaga kazini. Mimi na rumeti wangu, ambaye ni Mhaya wa Bukoba, tulikuwa tumepanga kwenda Jamhuri kuangalia Dodoma Jiji. Tukadandia daladala ya kwenda mjini. Mnaijua hali yenyewe: upepo wa Dodoma unapiga vumbi dirishani, ukifunga kioo unakufa na joto, ukifungua unashuka na nywele nyekundu.

Njiani akapanda bibi mmoja. Kavaa kanga mbili, kiroba cha mlenda mkavu mkononi, na kwenye paji la uso ana ile alama ya duara ya wazee wa Kigogo. Kabla hajakaa akasalimia gari zima:

"Mbukwenyi!"

Kimya. Watu na simu zao. Mimi nilikuwa siti ya pili, karibu kabisa naye. Salamu hiyo naijua kabla sijajua "shikamoo". Nikaangalia dirishani.

Konda akadai nauli. Bibi akafungua pindo la kanga, akahesabu sarafu moja moja, ikapungua. Jamaa mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Konda msamehe huyo, ni Mgogo, yuko kazini!"

Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Bibi hakusema kitu. Akafungua fundo la pili kwenye kanga ya ndani, akatoa sarafu iliyobaki, akampa konda. Nauli ilikuwa kamili. Tangu mwanzo ilikuwa kamili, ila ilikuwa kwenye mafundo mawili.

Sasa niseme lile ambalo wengi wenu hamlijui, hata mnaokaa nami bweni moja. Mimi ni Mgogo. Kwetu ni Mvumi. Baba Mgogo, mama Mgogo, bibi yangu ana alama ile ile kwenye paji la uso. Mwaka wa kwanza mtu akiniuliza kwetu wapi nilikuwa najibu "Dodoma mjini, wazazi walihamia na Serikali". Uongo rahisi sana huo, kwa sababu tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 mji umejaa watu wa kila mkoa, na hakuna anayeuliza zaidi. Nilishachoka na "ombaomba" tangu sekondari. Nikaona nihamie kabila la watumishi wa umma, haha.

Tukafika uwanjani. Mpira wenyewe sitausimulia, sare tasa, usingizi mtupu. Ila Jamhuri pana jambo huwa naliona. Dodoma Jiji walipanda Ligi Kuu mwaka 2020, mji wote ukashangilia. Lakini ikija Yanga au Simba, uwanja unajaa wenyeji waliovaa jezi za wageni. Ikija timu nyingine, unachagua siti unayotaka. Siku zote nilikuwa nawacheka watu hao: wako kwao na wanashangilia wa mbali. Jumamosi ile nikiwa nimekaa pale nikashindwa kuwacheka. Nilijua mimi nimevaa jezi ya nani.

Upande wa pili mashabiki walikuwa na ngoma. Rumeti wangu akawa anacheza tu. Mimi nikawa namwona mama yangu. Kwetu ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, ngoma unaibana kati ya mapaja na unaipiga kwa mikono miwili, na mama yangu akiwa na wenzake kumi vumbi linapaa mpaka humwoni. Nilipokuwa mdogo nilidhani hakuna mtu mkubwa duniani kumzidi. Sijui ni lini hasa nilianza kumwonea haya.

Usiku sikulala. Nikaweka simu karibu na mto, nikafungulia Hukwe Zawose kwa sauti ya chini. Rumeti akainuka.

"Hao ni wa wapi? Mali?"

Nikamwambia hapana, huyo ni wa hapa hapa. Alizaliwa mwaka 1938 mkoa huu huu wa Dodoma, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, zeze na ilimba zake zikazunguka dunia, akarekodi na Real World, studio na lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza. Alifariki Desemba 2003. Nikamwonyesha na Zawose Queens, Pendo ambaye ni binti yake na Leah ambaye ni mjukuu wake, ambao walitoa albamu yao *Maisha* mwaka 2024. Akasikiliza nyimbo tatu nzima. Halafu akauliza, "Wewe haya yote umeyajulia wapi?"

"Ni kwetu."

Akanyamaza. Nilitegemea aniulize kwa nini nilimdanganya miaka miwili. Alichosema ni hiki: "Na pale kwenye daladala ulicheka."

Wadau, hakuna mtihani nilioshindwa kama ule.

Baadaye akauliza kwa upole kabisa, kwa nini lakini watu wanasema Wagogo wanaomba? Nikamweleza ninavyojua. Nchi yetu inapata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mvua ikiruka, hakuna msimu wa pili wa kukuokoa. Na kuna njaa ambayo haikuletwa na mvua peke yake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipita Ugogo yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Ukame ulipokuja juu yake watu wakafa kwa wingi. Wazee wanaiita Mtunya, ni kati ya 1917 na 1920. Mtu aliyenyang'anywa ghala lake akatoka kwenda kutafuta chakula, miaka mia baadaye mjukuu wake anachekwa kwenye daladala.

Rumeti akasema, "Sisi Wahaya mnatutania kwa majivuno." Kweli, na mimi namtania kila siku. Lakini yeye ananijibu, na majibu yake yanauma! Huo ndio utani ninaoujua, unakwenda na kurudi. Bibi yule hakuwa na mtani mle ndani. Alikuwa na watu waliokataa salamu yake kisha wakamcheka.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, mtoto mpole, wenzake walimwita "Ombaomba" kwa sababu alikuwa Mgogo na sare yake imechanika. Nilisikia. Nikasema, "Nyamazeni, tuendelee na somo." Nikaendelea na somo! Kwenye makaratasi ya tathmini nilipata alama nzuri ya kusimamia darasa. Hakuna aliyejua kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa anajificha nyuma ya ubao. Mtoto yule alinitazama mara moja tu, na sasa nafikiri alishajua. Jina langu la ukoo liko wazi.

Narudi tena kufundisha muhula ukiisha. Sina hotuba niliyoandaa. Nitakachofanya ni kuanza kipindi cha kwanza kwa kuwaambia naitwa nani na kwetu wapi, halafu tuone.

Jumamosi iliyopita nilipanda tena daladala ile ya mchana, nikitegemea kumwona bibi. Hakuwepo. Nilikuwa nimeshapanga nitamwambia nini, ikabidi nimeze. Lakini nilipoingia, mguu mmoja bado nje, nikasema kwa sauti: "Mbukwenyi!" Konda akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Waliitikia watu wawili, mama mmoja siti ya nyuma na dereva. Dereva jamani! Miezi yote ninapanda gari lake, kumbe naye alikuwa kimya.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkiwa kwenye gari mkasikia "mbukwenyi", rudisheni hiyo hiyo, "mbukwenyi". Haihitaji uwe Mgogo.

Haya, kesho nina jaribio la saikolojia ya elimu na sijagusa desa. Tuombeane.