Mcheza kwao siku hizi huzomewa

NAOMBA leo mpenzi msomaji usitegemee habari za mapenzi wala za wapangaji wanaogombania bomba la maji. Leo nataka kutubu. Nitatubu kwako wewe, maana padri au shehe nikimpelekea habari za mpira ataniambia kwanza nikatafute kazi.

Mimi ni mnazi wa Simba. Sikuchagua. Nilizaliwa nikamkuta mzee ana kadi ya uanachama, tena ameitunza vizuri kuliko vyeti vyetu vya kuzaliwa. Mama yeye ni Yanga, lakini Yanga wa kimya kimya, kwa ajili ya amani ya nyumba.

Sasa miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Uwanja wa Mkapa, kule mzunguko ambako sisi wenye mifuko myepesi tunakaa. Tulikuwa na straika mmoja, jina lake nalihifadhi, alikuwa hajafunga kama mechi sita hivi. Siku hiyo akapewa pasi safi, kipa kalala, goli liko wazi kama mlango wa msikiti, jamaa akapaisha. Mimi nikasimama nikapiga kelele: "Toeni hiyo feni mbovu! Inazunguka tu, upepo haitoi!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakamwaga karanga. Jamaa wa mbele yangu akageuka akanipa mkono. Dakika tano baadaye upande mzima ulikuwa unaimba "feni mbovu, feni mbovu", na kila yule kijana akigusa mpira ndiyo inazidi. Alitolewa kabla ya mapumziko. Alipita akielekea benchi kichwa chini, na mimi nikanunuliwa soda. Nakwambia kweli, nilijisikia kama vile goli nimefunga mimi.

Soda ile ndiyo ninayoitubia leo.

Mtaani kwetu kuna kijiwe cha kahawa, na kile kijiwe ni mahakama. Kesi za wachezaji zinasikilizwa pale kila siku, isipokuwa hukumu huwa imeshatoka jana yake usiku. Mashitaka yenyewe ni manne, hayaongezeki wala hayapungui. La kwanza, kauza mechi. La pili, mademu na pombe. La tatu, karogwa, au yeye ndiye aliyekwenda kwa mganga halafu dawa ikamgeukia. La nne, moyo wake uko kwa watani. Yaani mtu akikosa goli Jumamosi, Jumapili asubuhi ameshakuwa mla rushwa, mlevi na msaliti, vyote kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Sijawahi kusikia mtu pale akisema: huyu kijana labda anaumwa. Labda kapangwa namba siyo yake. Labda mipira haimfikii. Labda mshahara wa miezi miwili hajauona na mwenye nyumba kamfungia mlango. Hayo hayana utamu. Nani atasikiliza kesi ya goti linalouma wakati kuna kesi ya bahasha?

Na kesi zenyewe hazifi. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ikaenda Abidjan ikatoka sare ya bila kufungana na Stella, halafu ikaja kufungwa 2-0 hapahapa Dar es Salaam. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini pale kijiweni wazee bado wanaisikiliza kesi ile kama vile mechi ilichezwa juzi, na kila mzee ana mchezaji wake anayemshitaki. Sijasikia hata mmoja akisema kwamba labda Stella walikuwa wazuri kuliko sisi siku ile. Hilo ndilo tatizo letu mashabiki. Sisi hatufungwi, sisi tunauzwa.

Mtazameni Juma Kaseja. Mwaka 2003 alikuwa kijana mdogo golini pale Cairo, Simba ilipomvua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa matuta. Nchi nzima ikamwimba. Baadaye akadakia Simba, akadakia Yanga, akarudi Simba, na mwaka 2013 Msimbazi wakamwacha, akaenda tena Jangwani. Mtu aliyepita nyumba zote mbili unajua mwenyewe, matusi aliyapata ya rangi nyekundu na ya rangi ya kijani. Watu walishamzika. Halafu Septemba 8 mwaka 2019, Taifa Stars na Burundi, kufuzu Kombe la Dunia, mechi ikaenda kwenye matuta, golini yuko nani? Yuleyule marehemu wetu. Burundi hawakupata hata tuta moja, tukashinda 3-0. Usiku ule pale kijiweni hakuna aliyekumbuka kwamba alishawahi kumtukana. Nami nilikuwepo, nikapiga makofi na mikono ileile.

Mbwana Samatta naye ni hivyohivyo. Januari 2020 alipojiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mtaani kwetu kila mtu akawa mzaliwa wa Birmingham. Akafunga na Bournemouth, mwezi uliofuata akaifunga Manchester City kwa kichwa pale Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Korona ikaja, ligi ikasimama, ikarudi, magoli yakakauka. Kufika Septemba amepelekwa Uturuki, Fenerbahçe, na walewale wazaliwa wa Birmingham wakawa wanasema, "Mimi nilijua toka mwanzo." Ulijua nini, kaka? Jana ulikuwa umevaa jezi yake!

Na siku hizi mambo yamezidi kwa sababu ya mikeka. Zamani shabiki akifungwa alipoteza raha ya jioni. Leo anapoteza na nauli ya wiki. Mtu kaweka elfu tano, timu kumi na mbili, imebaki moja tu mkeka utiki, mchezaji anakosa penalti dakika ya mwisho. Huyo humwambii kitu kuhusu goti. Kwake yeye kaibiwa, na mwizi kamwona kwa macho yake.

Msidhani haya ni ya kuchekea tu. Mwaka 1994 kule Marekani kwenye Kombe la Dunia, beki wa Colombia, Andrés Escobar, alijifunga kwenye mechi na wenyeji, timu yake ikalala 2-1. Hiyo ilikuwa Juni 22. Julai 2 alipigwa risasi akafa mjini kwao Medellín. Alikuwa na miaka 27. Sisi hatujafika huko na Mungu atuepushie mbali, lakini hata kule watu hawakuanza na bastola. Walianza na mdomo.

Sasa nije kwenye yangu.

Nina mdogo wangu, tumbo moja, ananifuata. Mimi nilipewa maneno, yeye akapewa miguu. Kazi yake ni kubeba mizigo sokoni, viazi na vitunguu, anaamka saa tisa usiku. Jioni anacheza timu ya mtaa wetu kwenye ndondo. Agosti mwaka 2024 timu ikafika fainali na mtaa wa pili, uwanja wa shule ya msingi, zawadi mbuzi na seti ya jezi. Ikasemekana pia kuna mtu wa timu moja ya daraja la chini atakuja kutazama vijana.

Siku mbili kabla ya fainali mdogo wangu alikuwa amelala na homa. Kapimwa, malaria, kaanza dawa mseto. Mama akamwambia usicheze. Mimi nikamwambia cheza, fainali haiji mara mbili. Hilo nalo liandikeni kwenye toba yangu.

Alicheza. Kila mtu aliona hakimbii kama siku zote, mdomo umemkauka, jezi imelowa wakati wenzake bado. Mechi ikaisha 1-1, matuta. Yeye akaachiwa la mwisho kwa sababu ndiye mwenye shuti. Akaweka mpira, akarudi nyuma, akapiga. Ukapita juu, ukatua kwenye paa la darasa la tatu.

Kulikuwa kimya kama sekunde mbili. Halafu nyuma yangu mtu mmoja akapaza sauti: "Feni mbovu!"

Ndugu zangu, lile neno nalijua nilikolizaa. Sijui lilitembeaje kutoka Mkapa mpaka uwanja wa shule ya msingi, lakini lilifika, na lilifika likiwa na afya nzuri kuliko siku nililolitoa. Uwanja mzima ukalidaka. Watoto wadogo, kina mama waliokuja na ndoo za barafu, wote. Jirani yangu akanigusa bega akaniuliza, "Wewe, huyu si mdogo wako?"

Nikamjibu, "Tunakaa naye mtaa mmoja."

Halafu nikainama. Jogoo hakuwika, maana ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Kesho yake mahakama ikakaa. Shitaka namba moja, kauza mechi, kapewa laki mbili. Ushahidi? Wiki iliyopita kaonekana na simu mpya. Simu yenyewe kaichukua kwa mkopo, analipa kidogo kidogo kila siku, na mimi risiti nimeziona. Lakini mimi nilikuwa pale kwenye benchi, na sikuzitaja zile risiti. Nilikunywa kahawa yangu.

Mama anauza vitumbua asubuhi pale kwenye kona. Mteja mmoja akamtania, "Mama, vitumbua leo vimekuwa vikubwa, mtaji umeongezeka nini? Hongera kwa mauzo." Mama akacheka. Mteja wa pili naye akasema vilevile, mama akacheka kidogo. Wa tatu alipokuja mama hakucheka. Alifunika beseni akarudi nyumbani, na wiki nzima hakuonekana kwenye ile kona. Unga wa mchele ulioumuka uliharibika ndani. Mtu anayesema neno pembeni ya uwanja hajui litakwenda kukaa kwenye beseni la nani.

Mdogo wangu alitundika viatu msumarini. Usiku mmoja tumelala, chumba ni kimoja, nikamwambia asiwajali, watu ndivyo walivyo. Akanyamaza sana, nikadhani kalala. Halafu akasema, "Bro, walipoanza kuzomea nilikutafuta wewe. Nikakuona umeinama kama mtu anayefunga kamba za viatu."

Nikasema ndiyo, nilikuwa nafunga kamba.

Akasema, "Ulikuwa umevaa kandambili."

Mpenzi msomaji, mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na naishi kwa kuandika maneno, lakini usiku ule sikuwa nalo hata moja.

Sisemi mashabiki tukae kimya kama tuko msibani. Kiingilio tumelipa, jua limetupiga, na kama pasi ni mbovu tuseme pasi mbovu. Mchezaji wa timu kubwa analipwa na anajua kuna siku za kupigiwa makofi na siku za kununiwa. Lakini kusema "kacheza vibaya" na kusema "kauza" ni vitu viwili mbalimbali. La kwanza umeliona kwa macho. La pili ni kumwita mtu mwizi. Mangi wa dukani chenji ikipungua shilingi mia humwiti mwizi, unamwambia "Mangi hebu hesabu tena." Kwa nini kijana anayevaa jezi tunayoipenda tushindwe kumwambia ahesabu tena?

Siku hizi nikiwa uwanjani, kabla sijafungua mdomo najiuliza kwanza kama neno hili naweza kulisema mama yake akiwa amekaa pembeni yangu. Mara nyingi naishia kutafuna karanga.

Na mdogo wangu? Alikaa miezi minne bila kugusa mpira. Halafu mtaa wa pili, walewale waliotufunga, wakamfuata, wakamwambia, "Wewe tulikuwa tunakuogopa, njoo kwetu." Akaenda. Msimu uliofuata akatufunga mabao mawili.

Asubuhi yake kijiweni kulikuwa na sherehe ya wapelelezi. "Mnaona? Si tulisema? Yule alikuwa wao siku nyingi!" Kila mtu anatikisa kichwa kwa furaha ya kuwa alijua. Yaani akikosa kauza, akifunga ndiyo ushahidi kwamba aliuza.

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Yule ni mdogo wangu, tumbo moja. Siku ile ya fainali alikuwa na malaria, dawa alikuwa amekunywa mara tatu tu. Ile simu ni ya mkopo, risiti ziko nyumbani, anayetaka aje azione. Na mimi ndiye niliyemwambia acheze."

Kijiwe kizima kikanyamaza. Kashata ya mtu ikabaki mkononi. Mzee mmoja, mnazi wa Simba kuliko hata baba yangu, akanitazama muda mrefu, akasema, "Sasa mwanangu, mwaka mzima ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikalipia kahawa ya watu wote, shilingi zangu zote za makala iliyopita.

Kama Mungu akipenda, tuonane wiki ijayo.