Jiwe la Kukalia

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 nilikuwa chumbani kwangu Mbagala, mvua inapiga mabati, nikirekebisha andiko la utafiti wa shahada ya uzamili. Dada yangu akapiga simu. "Mlima Hanang umemeguka. Mama mkubwa hapatikani."

Mama mkubwa aliishi Katesh, chini ya mlima huo. Hanang ni volkano iliyolala, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, nami nilikuwa nimeisoma: miamba yake, umri wake. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba imelipuka. Haikulipuka. Baadaye wataalamu wa serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikakatika.

Volkano haihitaji moto ili iue. Majivu na mawe yake ya kale huoza yakawa udongo laini, wenye rutuba, ndiyo maana watu hulima pale. Mvua ikizidi, udongo huo hugeuka kama zege bichi linalokimbia. Kwa kuwa ni zito kuliko maji, hubeba majabali na magogo. Nilishawahi kujibu swali la mtihani kuhusu Armero, mji wa Kolombia uliofukiwa na tope la volkano Novemba 1985, wakafa zaidi ya watu 20,000. Nilipata alama nzuri.

Jioni mama mkubwa alipatikana kwa simu ya jirani. Nyumba haikuwepo tena. Waliokufa Hanang walikuja kuzidi 80, na baadhi yao aliwajua kwa majina. Alilia kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, si wewe unayesoma milima? Mbona hukutuambia?"

Hakuniuliza kwa hasira. Ndiyo maana swali limenikaa.

Miezi michache kabla nilikuwa kwake likizo. Nyuma ya choo chake lilipita korongo kavu, na kando yake mawe makubwa. Mwanafunzi wa jiolojia anajua mawe ya ukubwa ule hayaletwi na upepo. Siku za nyuma kuna kitu kiliyashusha. Nilikalia mojawapo, nikala makande, nikapiga picha ya mlima.

Huku Mbagala hatuna volkano, tuna mchanga. Nyuma ya vyumba vyetu ukingo wa bonde unaliwa kila masika. Juzi nilimwendea mzee mwenye nyumba, nikamwonyesha ufa ulipofika na mahali maji yanapopita. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Sasa tuhamie wapi?"

Hilo nalo sikuweza kulijibu. Tulibaki tumesimama pale ukingoni, tukiangalia mawingu. Kesho yake alihamisha kitanda cha wajukuu kwenye chumba cha mbele.