Baba Mdogo na Betri ya Pikipiki

Mnanijua kama kapita wenu, yule anayepiga kelele mkichelewa kwenye mistari. Leo naandika kosa langu mwenyewe.

Baba mdogo alianguka toka juu ya lori la unga, njiani kwenda mpakani. Uti wa mgongo ukavunjika. Tangu siku ile miguu yake haisikii kitu. Anatembea na kinga ya magurudumu matatu, anaiendesha kwa mikono, na kuuza sabuni na chumvi hapa Mokambo.

Mwaka jana, katika biolojia, tulisoma habari za Luigi Galvani, yule Mtaliano ambaye mwaka 1791 alitangaza kwamba mguu wa chura aliyekufa unaruka ukiguswa na metali mbili tofauti. Mwalimu akajaribu mbele yetu kwa shaba na zinki. Mguu ukaruka kweli! Akatusimulia pia juu ya Nan Davis, msichana wa Marekani aliyevunjika uti wa mgongo. Mwaka 1983, kule Ohio, alipiga hatua chache akishikiliwa ili apokee diploma yake. Kompyuta ndiyo iliyopeleka umeme katika misuli ya miguu yake.

Mimi sikungoja. Jumamosi nikachukua betri ya pikipiki ya yaya, nyaya mbili, vipande viwili vya shaba na vitambaa vyenye maji. Baba mdogo akasema: «Jaribu tu, mutoto. Miye siko na kitu ya kupoteza tena.»

Kila nilipogusisha waya, paja liliruka. Watoto wakapiga makofi: «Papa eko natembea!» Yeye alicheka na machozi yanatoka. Tukaendelea muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyesikia uchungu. Nilipoondoa shaba, ngozi chini yake ilikuwa nyeupe na ngumu.

Kidonda kile kilikaa miezi minne. Miezi minne mama mdogo aliuza peke yake.

Kule lupitalo, bwana wa kine (yule anayenyoosha viungo) hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alichora kwenye karatasi. Amri ya ubongo inakatika pale mgongo ulipovunjika, lakini chini ya pale mishipa ya fahamu na misuli inaweza kuwa hai bado, kama kijiji kilicho ng'ambo ya kilalo kilichobomoka: watu wapo, lori ndilo halifiki. Umeme unaita kijiji kile bila kupita kilalo. Kwa mtu wa polio ni mambo mengine, kwani polio inaua mishipa yenyewe ya kuamsha misuli.

Lakini betri inatoa umeme usiokatika, na huo unachoma ngozi. Mashine ya kweli inatoa midundo mifupi sana, kama mara 20 mpaka 50 kila sekunde, inayokwenda na kurudi. Huko Ulaya na Marekani zipo hata kinga zake: mtu anafungwa miguu kwenye pedali, mashine inaamsha paja mbele, paja nyuma, matako, kila msuli kwa zamu yake. Mwaka 2016, karibu na Zurich, watu waliopooza walishindana hivyo mita 750. Misuli inanenepa tena, damu inatembea vizuri. Wakiacha, inakonda tena. Na lazima daktari aangalie kwanza, maana mifupa ya miguu isiyotumika huvunjika upesi, na aliyeumia juu ya mgongo anaweza kupandwa na damu ghafula.

Kinga kama ile hatuna. Bwana wa kine ana kamashine kadogo tu. Kidonda kilipopona, akabandika vipande vyake pajani, akabonyeza. Goti likanyooka polepole, bila kuruka.

«Nitatembea?» akauliza Baba mdogo.

«Hapana, papa.»

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema: «Siyo miye njo nauendesha huu muguu. Lakini ni wangu. Endelea.»

Sasa kila Alhamisi, baada ya masomo, namsindikiza. Kazi yangu ni kuangalia ngozi, mbele na baada. Kovu lipo pale pale, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Watoto wakimwuliza, anawajibu: «Ile ni kazi ya bwana kapita.»