Dalali Mwenye Sauti ya Upole

Nimeishi Kimara, Dar es Salaam, sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kazi yenyewe imekuwa kuandika watu wabaya. Wenzangu niliokuwa nikiandika nao michezo ya redio waligawana mapenzi, vichekesho na mafundisho ya afya. Mimi nikaachiwa matapeli, waume wakatili na wajomba wanaodhulumu yatima. Niliipokea kazi hiyo kwa moyo mweupe na mpaka leo naipenda. Msikilizaji humsahau shujaa upesi, lakini yule aliyemtesa shujaa huingia naye mpaka kitandani.

Nilianza kwa kusoma vitabu vya Elvis Musiba, tukipokezana shuleni mpaka majalada yakang'oka. Willy Gamba ndiye alikuwa steringi wetu. Maadui zake walikuwa majasusi wa makaburu na vibaraka wao, na hakuna aliyehitaji kushawishiwa ili awaamini. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, aliuawa humu humu mjini tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Wazee wetu waliikumbuka siku ile. Musiba aliikuta hofu iko mtaani tayari, akaipa jina na bastola. Makaburu walipoondoka madarakani, waigaji wengi wa Musiba walibakiwa na miwani myeusi, kovu shavuni na kicheko kirefu, na hofu yenyewe haikuwepo tena.

Waliokaa nami muda mrefu zaidi ni wabaya wa nyumbani. Zakaria wa *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, ni baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Nikimsoma namsikia mzazi anayeamini kabisa kwamba analinda heshima ya nyumba yake. Katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, wengi humtaja Bwana Maksuudi, lakini mwalimu wangu mle ndani ni Bi Farashuu. Maksuudi alimharibia maisha binti wa bibi huyu, naye bibi anatafuta kisasi kupitia Maimuna, binti wa Maksuudi. Uchungu wa Bi Farashuu ni wa haki. Anayeulipia ni mtoto ambaye hakumkosea mtu. Sijaona bado somo kubwa kuliko hilo kwa mtu anayetaka kuandika ubaya.

Redioni, kipimo changu kilikuwa Mkwaju. *Twende na Wakati* ilianza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, na ndani yake alikuwamo huyu dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye wanawake njiani na mke, Tunu, nyumbani. Virusi vya UKIMWI vilimpata. Sisi wa Kimara tulikuwa na sababu ya kumsikiliza kwa makini, maana malori ya Zambia na Kongo yanapita mbele ya milango yetu, kwenye Barabara ya Morogoro. Mkwaju hakuwa katili wa kutisha. Alikuwa mcheshi, mtafutaji, mtu wa kukaa naye kijiweni ukafurahi. Ndiyo maana watu walimhofia, kwa kuwa walimkuta sebuleni kwao.

Mhusika wangu ninayemthamini kuliko wote ni dalali wa viwanja. Nilimjenga kutokana na maneno ya kwenye kahawa, kati ya vituo vya Stop Over na Suka, nikiokota hiki kwa huyu na kile kwa yule. Niliamua kwanza kwamba hatakuwa mwongo wa kila neno. Anamuuzia mama mjane kiwanja kando ya barabara, kwa mafao ya marehemu mumewe, na anamwambia: "Mama yangu, barabara haifiki huku. Mimi mwenyewe nimejenga pale, watoto wangu wanalala pale." Ni kweli amejenga pale. Fununu za upanuzi amezisikia, ila ameamua kutoziamini, kwa sababu akiziamini hatauza, na asipouza ada ya watoto wa marehemu kaka yake haitalipwa. Karatasi ya mauziano ina mashahidi na mhuri. Kila kitu kinaonekana safi.

Mtayarishaji wetu alitaka mwigizaji mwenye sauti nzito ya kukwaruza. Nilikataa, nikaomba yule mwenzetu aliyekuwa na sauti ya upole, sauti ya kufariji wafiwa. Nikampa tabia ya kuamkia wakubwa kabla hawajamwona, na ya kuwa wa kwanza kufika msibani na turubai na viti. Wasikilizaji walimpenda.

Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya barabara yetu, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, zilichorwa X na kubomolewa kupisha upanuzi. Mchezo wangu ulifika hapo pia. X iko kwenye ukuta wa mjane, na iko kwenye ukuta wa dalali. Anakuja na pikapu ya kukodi, anamsaidia mama kupakia mabati na vitanda, anatoka jasho, anamwombea kwa Mungu. Pesa harudishi hata senti. Mama anamwambia, "Asante, mwanangu." Studio nzima ilinyamaza tulipolirekodi neno hilo, na mwigizaji wa mjane, mama mtu mzima, akaniambia kwamba dalali huyo anamchukia kuliko jambazi yeyote aliyewahi kuigiza naye.

Kuna mbaya mmoja niliyekataa kumwandika, na nimekosa kazi kwa sababu yake: bibi kizee mchawi, mwenye macho mekundu, akaaye peke yake. Ni rahisi kumwandika na anauzika. Lakini mikoa ya Mwanza na Shinyanga imezika vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo yanatokana na moshi, maana wamepikia kuni na samadi maisha yao yote. Mwandishi anayempa ubaya sura badala ya sababu anamwonyesha mwenye panga mlango wa kubisha. Hilo nalisema kwa uzito wote nilio nao.

Nawaomba ninyi mnaoandika sasa tamthilia za televisheni na simulizi za kusikilizwa kwenye simu: mwacheni bibi yule apike. Mkitafuta mtu wa kuogopwa, ulizeni anadaiwa na nani, analisha watoto wangapi, na jambo gani amekataa kulijua ili aendelee kupata usingizi. Kisha mpeni sauti nzuri na mumwache aseme.