Cheti cha Mdaawa

Nilianza kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Lusu kabla ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kututambua. Wakati huo baadhi ya wazee walituona wachochezi wa wake za watu. Leo tunasajiliwa, lakini mipaka iko palepale: mteja hatumtozi, na mahakamani hatusimami kama mawakili. Kazi yetu kubwa ni kusoma karatasi.

Ardhi ya huku ina wenyewe, na imekuwa na macho mengi zaidi tangu mgodi wa Golden Pride uanze kutoa dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mume akifa, ukoo unakaa, muhtasari unaandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, kisha mjane analetewa wino: "Weka dole hapa, shemeji."

Mama mmoja aliniletea karatasi ya namna hiyo, ameifunga kwenye pindo la kanga. Nikamsomea. Kumbe "ameridhia" shemeji yake awe msimamizi wa mirathi na majaruba yote ya mpunga yarudi ukooni. Akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, dole linafutika?" Nikamwambia halifutiki, ila linapingika. Tuliandika pingamizi kwa mwanga wa simu. Kesho yake akaenda Mahakama ya Mwanzo, akasimama peke yake mbele ya shemeji watatu akaeleza alivyowekeshwa dole. Hakimu alimteua yeye na mwanawe mkubwa.

Juzijuzi nikaitwa Nzega mjini kupewa cheti cha utumishi uliotukuka. Nilifurahi, nisiseme uongo. Hata fremu nimenunua. Ila nilipopewa kipaza sauti nilimtaja Holaria Pastory, bibi wa Muleba aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, wa ukoo wake, akamshtaki, kwa kuwa mila za Kihaya zilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo, Mahakama ya Wilaya ikampa bibi haki, rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba Katiba inakataza ubaguzi huo: mwanamke auze kwa masharti yaleyale ya mwanamume.

Mwalusanya anasifiwa, na anastahili. Lakini hukumu ile isingekuwepo kama bibi angekubali kurudisha pesa pale Mahakama ya Mwanzo iliposema arudishe, yaishe, alale na amani na ndugu zake. Mimi nikimaliza kuandika pingamizi narudi kwangu. Mdaawa anarudi kwenye ua uleule wa shemeji, anachota maji kisima kimoja na wake zao.

Nikapendekeza mwakani cheti kimoja apewe mdaawa. Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akanishukuru, akasema ratiba imebana, tupishe picha ya pamoja.