Mtoto wa "Apana"

Mtoto wa dada yangu ana miaka 9. Ukimwambia vaa viatu, anavua hata soksi. Ukimwita kula, hana njaa. Usiku anaiba chapati ya jirani. Hapa Nsambya vyumba vyote vinamjua. Jibu lake ni moja: "Apana, Tonton. Utanifanya nini?"

Ndugu zangu, niseme ukweli. Mimi volantia wa kambi ya Kyaka II, niliyeshika megafoni nikiambia wazazi kwamba fimbo si malezi, mimi huyo nilimpiga na waya ya chaja. Hakulia. Aliniangalia tu. Ni mimi niliyetoka nje nikalia.

Wamama wa maombi walisema ni pepo. Wengine wakasema ni vita, ameona mengi Kongo. Lakini huyu amezaliwa huku huku Uganda! Tulifunga siku tatu. Siku ya nne akamrushia mtoto wa mwenye nyumba kikombe, na sisi tukaambiwa tutafute pa kuhamia.

Ndipo nikampeleka Butabika. Watu walinicheka, eti hospitali ya wazimu. Daktari hakuuliza pepo. Aliuliza: ilianza lini? Ni nyumbani tu ama na shuleni? Akanieleza kwamba kila mtoto ana ukaidi, ila kuna ule wa hasira ya karibu, kubishana na wakubwa, kuchokoza makusudi na kulipiza kisasi, unaoendelea miezi 6 na zaidi. Wanauita kwa herufi tatu, ODD. Nikangoja vidonge. Hakunipa. Alisema tiba inaanza na mzazi kubadilisha namna anavyoongea na mtoto. Nilikasirika kabisa: nauli yote hii, kumbe mgonjwa ni mimi?

Basi nikajaribu. Nasema mara moja, maneno machache. Nampa achague: "Unaoga mbele ya kula ama nyuma ya kula?" Akibisha, sibishani. Akifanya kitu kizuri, hata kidogo, namwambia hapo hapo. Wiki ya kwanza alizidi, na daktari alikuwa amenionya.

Jana nilimuuliza: unaleta maji na jerikani ndogo ama kubwa?

"Apana."

Nikanyamaza, nikaendelea kuchagua maharage. Moyo ulikuwa unanipiga. Baadaye nikasikia kitu kinagonga mlango. Ameleta ile kubwa, maji nusu, kaptula yote imelowa.

"Tonton, imemwagika njiani."

Nikamwambia asante.